Ya Bluu Tu, ya Kahawia Siku Nyingine

"Dada, unachukua zote mbili au ya bluu tu?"

Muuzaji wa famasi alikuwa ameshaziweka juu ya kaunta, boksi mbili ndogo za inhela, dawa ya kuvuta ya mwanangu mwenye pumu, moja ya bluu na nyingine ya kahawia. Ilikuwa jioni, sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, saa ile wauza viazi wanapofunga magunia na baridi inaanza kushuka kutoka mlima Loleza. Nyuma yangu watu walikuwa wanasubiri. Nilikuwa na hela ya boksi moja na nauli ya kurudi Ilomba.

"Ya bluu tu, kaka."

Akairudisha ya kahawia kwenye shelfu. Hakuuliza kitu. Aliirudisha haraka, kama mtu aliyejua jibu kabla hajauliza swali, na haraka ile ndiyo iliyonikaa kichwani wiki zote hizi. Ina maana siku nzima alikuwa anaitoa na kuirudisha.

Nilipopita tena pale nilimuuliza. Akaniambia wenye bima wanachukua zote. Wanaolipa mfukoni, wengi wao, ni ya bluu tu.

Kadi haisomi

Baba wa watoto wangu alikuwa na mkataba kwenye mradi wa barabara. Mkataba ulipokuwa hai tulikuwa NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya: asilimia 6 ya mshahara inakwenda kwenye mfuko, nusu anakatwa yeye, nusu analipa mwajiri, na kadi anapata mchangiaji, mwenza wake na wategemezi hadi wanne. Miaka ile sikuwahi kujua bei ya inhela. Daktari anaandika, nasaini fomu, naondoka na mfuko wangu.

Mradi ukaisha, mkataba ukaisha. Siku ya kliniki mhudumu wa dirishani akaingiza namba, akasubiri, akaingiza tena, kisha akanisukumia kadi chini ya kioo.

"Mama, haisomi."

Mwanangu alikuwa ameshatimiza miaka saba. Angekuwa chini ya mitano angeingia kwenye msamaha wa kulipia matibabu. Ile Toto Afya Kadi ya shilingi 50,400 kwa mwaka, ambayo mzazi alikuwa akiweza kumkatia mtoto wake peke yake, usajili wake ulihamishiwa mashuleni mwaka 2023, na shule anayosoma haikuwa imeandikisha watoto. Tukakata CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Sitaisema vibaya CHF. Kwa homa, kuharisha na yutiai imetusitiri sana. Lakini zahanati yetu haikuwa na inhela ya rangi yoyote, na mganga aliniambia kwa upole kabisa kwamba hiyo tutanunua nje.

Kwa hiyo tulikuwa na kadi, na hatukuwa na dawa.

Ya bluu inaonekana, ya kahawia haionekani

Ya bluu ni salbutamol. Mtoto amebanwa, kifua kinapiga filimbi, unampulizia, na baada ya dakika chache misuli iliyokuwa imekaza njia za hewa inalegea. Unamwona mabega yanashuka. Anaomba chai. Hakuna mzazi anayehitaji kuelezwa faida ya dawa ya namna hiyo.

Ya kahawia ni beclomethasone, ambayo kazi yake ni kutuliza uvimbe ulio ndani ya njia zenyewe za hewa. Inavutwa asubuhi na jioni, mtoto akiwa mzima anacheza mpira. Ukimpa leo, leo huoni kitu. Kesho huoni kitu. Inachukua siku nyingi, pengine wiki, kabla kifua hakijatulia, na hata kikitulia unachokiona ni kwamba hakuna kilichotokea. Usiku umepita, mtoto amelala, basi.

Sasa simama kaunta na hela ya boksi moja. Nani atanunua "hakuna kilichotokea"?

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu. Nilikuwa naamini kwamba mtu asiye na bima anakosa dawa, kwa maana kwamba anabaki mikono mitupu. Kwetu haikuwa hivyo, na nikiwauliza majirani wenye presha na kisukari, kwao pia haiko hivyo sana. Tunanunua. Tunanunua ile inayozima moto wa usiku wa leo, na tunaacha ile ambayo ingezuia moto usiwake. Anayelipa mfukoni analipia dharura, kwa sababu dharura ndiyo inayomsimamisha kaunta.

Na hesabu yenyewe haikubali. Kopo la kahawia tulilokuwa tunaandikiwa lina dozi 200. Mtoto akivuta mbili asubuhi na mbili jioni, linakaa siku 50. Kipindi mwanangu yuko kwenye ya kahawia, ya bluu ilikuwa inakaa kabatini mpaka naisahau. Tulipoiacha ya kahawia, ya bluu ikaanza kuisha haraka, kila mara haraka zaidi. Hela niliyoiokoa kwenye boksi moja niliitoa kwenye boksi jingine.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, wanaouita GINA, uliacha kupendekeza watu wazima na vijana watibiwe kwa ile ya bluu peke yake. Ushahidi ulionyesha kwamba anayetegemea hiyo tu yuko kwenye hatari zaidi ya kubanwa vibaya, kwa sababu kifua kinafunguka huku uvimbe unabaki palepale. Niliposoma nilifikiria ile shelfu ya famasi. Wataalamu wanasema usitumie peke yake. Mfuko wangu unasema chukua hiyo peke yake.

Vidonge vya mama mkwe

Mama mkwe wangu yuko Tukuyu na anampenda mjukuu wake kupita kiasi. Alipokuja kututembelea alimwona mtoto anapuliziwa, akanyamaza mpaka mtoto alipotoka nje.

"Mwanangu, hilo dude litamzoesha. Akishalizoea hataishi bila hilo."

Wangapi hatujaambiwa hivyo? Sikubishana naye. Ni mama, na katika maisha yake inhela ameiona kwa watu waliokuwa hoi tayari, kwa sababu ndipo watu wanapoinunua. Kwa macho yake inhela inakuja pamoja na kifo, na wala simlaumu kwa kuunganisha. Alikuwa amekuja na vidonge vya salbutamol kwenye kipande cha gazeti, kutoka duka la dawa la kijijini. Maduka ya dawa muhimu, yale yaliyoanzia kwa wenzetu wa Ruvuma mwaka 2003, yamefika hadi vijiji ambavyo famasi haitafika leo wala kesho. Vidonge ni rahisi, vinapatikana, na havina sura ya mashine ya hospitali.

Mtoto alivinywa usiku ule. Asubuhi nikamkuta mezani anajaribu kumalizia kazi ya hesabu. Penseli ilikuwa inamtetemeka. Tarakimu 8 aliyoiandika ilikuwa na kona, kana kwamba imeandikwa ndani ya daladala. Nikaweka mkono kifuani kwake, moyo unapiga mbio.

Sababu nimekuja kuijua kwa kusoma boksi zote mbili kwa makini. Pumzi moja ya inhela ni mikrogramu 100. Kidonge kimoja ni miligramu 4. Hiyo ni mara 40. Inhela inapeleka kidogo pale pale kwenye njia za hewa, wakati kidonge kinapita tumboni na kuzunguka mwili mzima kwenye damu, kinachelewa kufungua kifua na kinatetemesha mikono njiani. Ukimpa mtoto nusu kidonge bado ni mara 20.

Hata hivyo ukienda kwenye mtaa wowote wa Mbeya ukauliza dawa ya pumu, mara nyingi cha kwanza utakachopewa ni hicho kidonge. Bei yake inashikika.

Usiku mmoja wa Julai

Mliokulia huku mnaijua Julai yetu. Usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10, madirisha yanafungwa, jiko la mkaa linaingizwa ndani kidogo "tupate joto", na moshi wa kuni wa jirani unatafuta upenyo. Kwa mwenye kifua ni msimu mbaya. Unafuata wa vumbi, kisha wa kuchoma mabua mashambani kabla ya mvua.

Aliamka usiku wa manane, ameketi, mikono kaishika kwenye magoti. Sikusikia filimbi. Watu wengi wanaogopa filimbi. Mimi nimejifunza kuogopa ikinyamaza huku mbavu zinaingia ndani. Nikachukua ya bluu, nikatikisa, nikampulizia. Ikatoa sauti yake ile ile. Nikapuliza tena. Sauti ipo, unafuu haupo.

Lile kopo halikuwa na dawa. Inhela nyingi tunazouziwa hazina kihesabio cha dozi zilizobaki, na gesi inayosukuma dawa inaweza kuendelea kutoka baada ya dawa yenyewe kwisha. Unasikia pssss, unadhani umempa. Kutikisa hakukuambii kitu cha uhakika, na ule mtindo wa kutumbukiza kopo kwenye maji uone kama linaelea nao si wa kuaminika. Kwa mwenye bima hili ni tatizo dogo, anabadilisha kopo kabla. Anayelivuta kopo mpaka tone la mwisho ndiye anayefika kwenye mwisho usioonekana.

Bajaji tulipata kwa jirani, kwa mkopo. Hospitali wakamwekea oksijeni, wakamwekea mashine ya mvuke mara kwa mara, wakampa na dawa nyingine. Alfajiri akaanza kuongea sentensi nzima. Alilazwa. Nilipopewa bili nikaigawanya kwa bei ya ile boksi ya kahawia, nikiwa nimesimama pale pale kwenye korido. Ingetosha boksi nyingi, za miezi na miezi.

Na hela ilipatikana. Hili ndilo linalonisumbua kuliko mengine yote. Dada yangu Makambako alituma kwa simu kabla jua halijachomoza. Kaka wa mume wangu alikopa kwa mtu. Jirani wa bajaji alisema tutaongea baadaye. Mwalimu wa darasa alichangisha wenzake. Watu wale wale, wenye maisha magumu kama yetu, walitoa kwa siku moja hela ambayo mimi sikuweza kuipata kwa miezi.

Lakini ningeanzaje kuwapigia simu mwezi mmoja kabla? "Shikamoo kaka, mtoto mzima, anacheza, naomba hela ya dawa." Sijui mtu anayepiga simu ya namna hiyo. Sisi huku tuna moyo wa kuchangia, na moyo huo unaamshwa na king'ora. Mtoto anayepumua vizuri hana king'ora.

"Mama, mbona mliacha dawa?"

Muuguzi wa zamu ya asubuhi alikuwa anasoma daftari la kliniki. Akaniuliza hivyo, na kalamu yake tayari ilikuwa inaandika. Niliona maneno: ameacha dawa ya kukinga.

Nilitaka kumwambia habari ya mkataba, kadi, zahanati, shelfu. Nikasema, "Ziliisha." Akasema, "Zikiisha mnarudi." Akaenda kitanda kingine, maana wodi ilikuwa imejaa na yeye alikuwa peke yake.

Sina kinyongo naye. Nina kinyongo na lile daftari. Atakayelisoma atajifunza kwamba wazazi wa Mbeya wanahitaji elimu. Ataandaa semina. Atachapisha vipeperushi vyenye picha ya familia inatabasamu. Na elimu ninayo! Naweza kukueleza tofauti ya bluu na kahawia nikiwa usingizini. Kilichokosekana ni dawa kuwepo mahali ambapo kadi yangu inasoma.

Nimejiuliza pia kama natafuta pa kuegemea. Kuna wazazi wenye bima ambao nao wanaacha ya kahawia mtoto akipata nafuu, hilo ni kweli, nawafahamu. Wao vipeperushi vingewafaa. Ila huwezi kuwatibu kwa dawa moja anayesahau na anayekosa, na ukiwaandika wote kwa sentensi ile ile hutajua uliye naye mbele yako ni yupi.

Chupa ya nusu lita

Siku ya kuruhusiwa alikuja muuguzi mwingine, dada mmoja mkimya. Akaniuliza kama nina chupa tupu ya maji ya nusu lita.

Akaisafisha, akapasha moto waya, akatoboa tundu kwenye kitako cha chupa kwa kufuatisha umbo la mdomo wa inhela, akaichomeka inhela ikakaa bila kucheza, akaziba pembeni kwa plasta. Mtoto akaweka midomo kwenye shingo ya chupa. Muuguzi akabonyeza mara moja, akamwambia apumue taratibu, ndani, nje, ndani, nje. Ndani ya plastiki uliona ukungu mwembamba, halafu ukapungua, ukaisha.

Kumbe siku zote dawa nyingi ilikuwa inagonga ulimi na koo. Mtoto hawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja kama mtu mzima. Watafiti wa Cape Town walishachapisha mwaka 1999 kwamba kwa watoto waliobanwa chupa ya mililita 500 iliyotengenezwa hivi, tundu likizibwa vizuri, inafanya kazi sawa na chombo cha dukani. Muuguzi hakunitajia utafiti, nimeutafuta mwenyewe. Alichoniambia ni haya: andika tarehe ya kuanza kwenye kopo kwa maka peni, zidisha unavyotumia, ujue siku ya kwisha. Na akishavuta ya kahawia asukutue maji ateme, asipate utando mweupe mdomoni.

Chupa haikuleta bima. Lakini dawa ninayoinunua kwa tabu sasa inaingia kifuani.

Mfuko wa jamii

Kikoba chetu, kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, kina mfuko wa jamii kama vikoba vingi. Kila kikao tunatoa kiasi, pembeni ya hisa. Nilikuwa nimeuchangia kwa miaka bila kuisoma katiba yake kwa makini. Niliporudi kutoka hospitali nikaisoma. Mfuko unatoa kwa msiba. Unatoa kwa mwanachama au mtoto wake akilazwa, na lazima ulete karatasi ya kulazwa.

Yaani tulikuwa tumeandika kwa mikono yetu wenyewe, akina mama tunaojuana, kanuni ile ile ya ile kaunta. Subiri abanwe ndipo tukusaidie.

Nikaomba nafasi kwenye kikao. Nikapendekeza mfuko utoe mkopo usio na riba kwa dawa za kila mwezi, kwa kuonyesha cheti cha daktari badala ya karatasi ya kulazwa. Nilifikiri litapita kwa makofi. Mweka hazina alinipinga, na alinipinga kwa hoja. "Leo inhela yako. Kesho presha ya mama mwenye duka, kesho kutwa kisukari cha baba wa huyu. Dawa hizi haziishi. Msiba una mwisho, dozi ya maisha haina. Mfuko utakauka, na siku mtu amefiwa tutamwambia nini?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina lililokamilika. Ana haki. Wanawake wachache wa Ilomba hawawezi kubeba magonjwa ya kudumu ya mtaa mzima kwa michango ya mia tano mia tano. Hiyo ndiyo kazi ya bima yenyewe: wengi wachangie, wazima kwa wagonjwa, kila mwezi, bila kusubiri king'ora. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na mimi naitaka kwa moyo wangu wote. Ninapoifikiria siulizi kwanza kadi itakuwa ya rangi gani. Nauliza kama inhela ya kahawia itakuwemo kwenye kitita cha mafao ngazi ya zahanati, na kama ikiwemo kwenye karatasi itakuwemo pia kwenye kabati. Salbutamol ya kuvuta na steroidi za kuvuta, kundi la ile ya kahawia, zote zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hakuna anayeomba anasa hapa. Na nauliza itakuwaje kwa familia ambayo mkataba wa baba unaisha katikati ya mwaka, maana katika mji huu mikataba inaisha kila siku.

Kikao kilibishana mpaka giza likaingia. Mwisho wakakubali kitu kidogo: mkopo upo, ila kwa watoto tu, ila kwa kopo moja kwa wakati, na urudishwe kabla ya kuomba tena. Katibu akaandika. Mweka hazina akasaini huku akisema tutaona mwisho wa mzunguko.

Nimechukua kopo la kwanza la kahawia kwa mkopo huo, na tarehe nimeiandika ubavuni. Mama mwenye duka amenisimamisha njiani kuuliza kwa nini tumeandika watoto tu, na yeye presha yake tumeiweka wapi. Ameomba nafasi kwenye kikao kijacho.